Bi Semeni Aomba Ruhusa ya Kuuliza

Katika nchi ile watu walikuwa na adabu kupita kiasi, na wenyewe walilijua hilo kwa sababu serikali iliwatangazia kila asubuhi baada ya taarifa ya habari. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Inasemekana mambo yalibadilika siku ambayo mwananchi mmoja, asiyejulikana hadi leo, aliingia kwenye kundi la simu la wafuga samaki wa mapambo na kuuliza bei ya chakula cha samaki bila kusalimia. Bunge lilikatisha likizo. Wabunge walilia hadharani. Kabla kikao hakijaahirishwa, nchi ikawa imeshapata Wizara ya Adabu za Makundi, pamoja na jengo lake, bendera yake na msafara wa magari yake.

Tangu hapo kila jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda tu lilipangiwa kundi lake la taifa: wapanda waridi, wakusanya stempu, wafuma vitambaa, wapiga filimbi. Na ili wananchi wasije wakapotoshana, ikapitishwa Sheria ya Kuzuia Ushauri Holela. Mwenye waridi linalonyauka aulize kwenye Kundi la Waridi. Jirani atakayemjibu kupitia juu ya ukuta atahesabiwa kuwa amefungua kundi bila kibali. Watu waliipokea sheria hiyo kwa utulivu. Walioipokea kwa namna nyingine walitumiwa ua.

Ua hilo lilikuwa fahari ya nchi. Msimamizi yeyote akimtoa mtu kundini, au akimnyamazisha, simu ya mtu huyo ililetewa picha ya ua jekundu na maneno haya: "Tumekupumzisha kwa upendo." Zilikuwepo nyumba ambazo watu wake wote walikuwa wamepumzishwa, na ukipita nje ulisikia vijiko tu vikigonga sahani.

Sijaona Mbega alikuwa mtumishi wa wizara hiyo. Cheo chake kilikuwa Msimamizi Msaidizi, Mapokezi ya Wageni, Kitengo cha Njiwa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapoagiza chai. Alikulia katika nyumba yenye njiwa. Mama yake aliwafuga juu ya jiko la nje, na yeye alijifunza kutembea akiwafukuza. Alipoteuliwa kuwa msimamizi alikuwa na njiwa wake mwenyewe, jozi kadhaa. Lakini kanuni ya wizara ilimkataza msimamizi wa njiwa kufuga njiwa, asije akawa na upendeleo. Ilikuwa kanuni ya haki kabisa. Msimamizi wa Kundi la Wapishi aliteuliwa kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. Basi Sijaona aliwatia njiwa wake kwenye tenga, akampa mtu mmoja sokoni, na hakumuuliza kama anakwenda kuwafuga au kuwachinja. Aliondoka haraka. Jioni ile aliapishwa.

Kazi yake ilikuwa kusoma ujumbe wa kila mgeni kabla haujaonekana na wanakundi, na kuuzuia. Wanakundi wenyewe hawakuwa wakiandika mengi. Kila asubuhi walitakiana heri kwa mpangilio wa vyeo, mchana wakamshukuru Mlezi Mkuu wa Makundi, na jioni wakaombana msamaha kwa lolote ambalo huenda wamekoseana. Juu ya njiwa hakikuandikwa kitu kwa muda mrefu, na wizara iliitaja hali hiyo kwenye taarifa zake kuwa ni ukomavu.

Asubuhi moja ukaingia ujumbe wa mwanamke aitwaye Bi Semeni, mkazi wa mji mdogo wa reli upande wa kusini:

"njiwa wa marehemu mume wangu amevimba shingo kwa mbele hali chakula ananitazama tu nisaidieni"

Sijaona aliusoma, akauweka mkono wake kifuani bila kujua. Jibu alilijua pale pale. Alimwona mama yake amempakata njiwa wa namna hiyo: nafaka kavu imemkwama na kumvimbia shingoni. Anyimwe nafaka. Apewe maji ya uvuguvugu, tone kwa tone. Asuguliwe taratibu kwa kidole mpaka palainike. Jibu lenyewe lingeenea kwenye mstari mmoja.

Kisha akayakumbuka majukumu yake, akaandika makosa ya mgeni. Hakusalimia. Hakuomba samahani kwa kuwasumbua wakongwe. Hakushukuru kwa msaada ambao bado hajapewa. Hakuweka nukta, jambo ambalo kwa mujibu wa Mwongozo wa wizara huwafanya wasomaji wakose mahali pa kupumua. Na zaidi ya yote, ameleta neno "marehemu" kwenye ukumbi wa furaha bila kutoa tahadhari. Akauzuia ujumbe, na kwa kuwa alikuwa na huruma, badala ya kumtumia ua akampigia simu, maana msimamizi aliruhusiwa kumpigia mgeni kwa ajili ya elimu ya adabu. Kabla ya simu kuita ilisikika sauti laini ya mwanamke wa wizara: "Mazungumzo haya yanasikilizwa ili kulinda upole wako."

"Haloo?"

"Shikamoo mama. Mimi ni Sijaona, wa Kundi la Njiwa."

"Marahaba, baba! Alhamdulillahi. Mmenijibu upesi. Yuko hapa, nimempakata. Niambie nimfanyeje."

Sijaona alimsikia njiwa. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama kitu kinachoburutwa sakafuni.

"Mama," alisema, "ujumbe wako tumeupata na tumeuthamini. Ila kuna hatua kidogo za mapokezi."

"Hatua gani tena, baba? Njiwa anaumwa."

"Kwanza ujitambulishe kwenye Uwanja wa Utambulisho. Halafu somo la Salamu, somo la Shukrani, na somo la Kunyamaza. Ukimaliza unapewa Haki ya Kuuliza."



"Jirani yangu Mzee Pazi alifuga njiwa maisha yake yote," alisema Bi Semeni. "Nilimwonesha huyu kupitia juu ya ukuta. Akamtazama, akatazama huku na huku, akaniambia, dada yangu, kaulize kundini. Akaingia ndani akafunga mlango. Nikadhani hajui."

"Anafuata sheria, mama."

"Na wewe unajua?"

Simu ilikuwa na mvumo mdogo, wa mtu anayesikiliza. Sijaona alikitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake, chenye picha yake akiwa anatabasamu kama alivyoelekezwa.

"Tuanze na Utambulisho, mama," alisema.

Ilibidi ajieleze. Aliandika kuwa yeye ni mke wa marehemu Bwana Hatibu aliyekuwa mpiga kengele wa stesheni. Kwamba treni zilipokoma kuja, mumewe aliendelea kwenda stesheni kila siku, na njiwa wawili waliokuwa wakiishi darini kule wakamfuata nyumbani. Dume na jike. Aliwalisha mkononi. Alipofariki walikaa dirishani wakimsubiri, na yeye Semeni, ambaye zamani aliwalalamikia kwa kinyesi, akaanza kuwalisha kwa ajili ya mumewe.

Sijaona aliusoma utambulisho huo mara nyingi. Halafu akaurudisha, kwa sababu ulizidi kipimo na ulikuwa na majonzi. Bi Semeni akaandika upya: "Mimi ni Semeni. Napenda njiwa. Nawaheshimu wote." Ulikubaliwa, na wanakundi wakampigia makofi ya emoji kwa mpangilio wa vyeo.

Alijifunza haraka. Alijifunza kuwa mgeni hasemi "habari zenu" bali "naomba kuzijua habari zenu endapo hamtaona usumbufu". Alijifunza kuwa herufi kubwa ni kelele na herufi ndogo ni dharau. Alijifunza kutafuta kwanza kwenye Hifadhi ya majibu ya zamani kabla ya kuuliza, na alipoeleza kuwa Hifadhi imefungwa kwa wageni, alipewa alama za ziada kwa kujaribu. Shukrani zake zilikuwa nzuri mno. Aliwashukuru wakongwe kwa kuwapo. Alimshukuru Mlezi Mkuu kwa uvumilivu wake juu ya wale wasiojua kushukuru. Pale wizarani karatasi zake zilipitishwa meza kwa meza, watu wakatikisa vichwa: kumbe hata kule kusini wapo wenye adabu.

Sijaona peke yake hakufurahi. Kila ujumbe mpya ulikuwa mzuri kuliko uliotangulia na mtu aliyekuwa ndani yake alizidi kupungua. Ule wa kwanza, wenye makosa, ulikuwa bado umefunguliwa kwenye kona ya kioo chake. Hakuufuta.

Alipompigia tena alimkuta na sauti ya kunong'ona.

"Amelala," alisema Bi Semeni. "Nimemweka kwenye kofia ya marehemu baba yao. Jike anamzunguka. Baba, nina somo moja tu la Kunyamaza limebaki, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Linachukua muda gani?"

"Hilo ni... mgeni hukaa kimya mpaka aonekane ametulia."

"Nitatulia leo leo. Nitatulia sasa hivi." Akavuta pumzi. "Lakini nikuulize wewe, si kundi. Kama mtu na mtu. Nimpe nini?"

Maneno yalimfika Sijaona kwenye ulimi. Maji, mama. Maji ya uvuguvugu. Aliyaonja kabisa. Mvumo kwenye simu ukaongezeka kidogo, kama aliyekuwa akisikiliza amesogeza kiti. Sijaona alifikiri juu ya nyumba ya serikali aliyokuwa akiishi. Alifikiri juu ya mwenzake wa Kitengo cha Nyuki aliyemwambia mgeni mmoja "usiwapulizie moshi mwingi", na ambaye sasa hata mkewe alimwandikia kwa kidole mezani, kwa kuogopa kusikika akisema naye.

"Somo la Kunyamaza ni rahisi, mama," alisema. "Utaliweza."

"Haya, baba," Bi Semeni alijibu. "Ahsante kwa muda wako na kwa moyo wako wa kujitolea." Aliyasema kikamilifu, kama yalivyoandikwa kwenye Mwongozo, na akakata simu.

Alinyamaza vizuri kiasi kwamba habari zake zilimfikia Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Makundi Yote, Bwana Msifuni Kalamba mwenyewe. Bwana Msifuni alikuwa mtu mnene mwenye macho ya unyenyekevu, na wimbo wa taifa ulimtoa machozi hata ukipigwa kwa bahati mbaya. Juu ya njiwa alijua kwamba aliwahi kumla mmoja kwenye dhifa ya taifa akidhani ni kware. Aliamua kwamba Haki ya Kuuliza ya Bi Semeni ikabidhiwe kwa sherehe, kwenye ukumbi wa wizara, nchi nzima ikitazama. Mgeni atakuwa nyumbani kwake na simu yake. Swali lake litatokea kwenye kioo kikubwa ukumbini. Na Msimamizi Msaidizi aliyemlea, Bwana Sijaona Mbega, atakaa mbele kwenye mashine, apitishe swali kwa mkono wake mwenyewe. Maandalizi ya mapambo yalisogeza sherehe mbele, halafu yakaisogeza tena. Bi Semeni hakulalamika. Hakuandika kitu kabisa.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Walikuwepo mabalozi, bendi ya polisi, na wasimamizi wa makundi yote wakiwa wamevaa vitambulisho vyao nje ya koti. Bwana Msifuni alisimama, akasubiri makofi yaishe, yakaisha, akasubiri mengine.

"Ndugu wananchi," alisema. "Mgeni ni nani? Mgeni ni mwenyeji ambaye hajakatazwa vya kutosha. Zipo nchi jirani ambako mtu anaingia tu kundini na kuuliza. Anauliza! Na wapo wanaomjibu! Matokeo yake tunayaona: watu wanajua vitu ovyo ovyo. Sisi tumechagua njia ya heshima. Leo mama huyu, aliyekuja kwetu hajui hata nukta, amekomaa. Mama Semeni, taifa linakupa sikio. Uliza!"

Bendi ikapiga. Kioo kikawaka. Kwa muda hakikutokea kitu, na kamera zikamwonesha Mlezi Mkuu akitabasamu kwa subira. Kisha maneno yakaanza kuja mbele ya Sijaona, moja moja, kama yanaandikwa na mtu asiyezoea kidole chake.

"Dume alikufa Jumanne. Nimemzika karibu na mume wangu. Jike hali. Usiku analala upande wake wa kiota na ule wa dume anauacha wazi. Nimfanyeje?"

Hakukuwa na salamu. Hakukuwa na shukrani. Nukta tu ndizo zilikuwepo.

Sijaona alipitisha swali, likatokea kwenye kioo kikubwa, na watu ukumbini wakasahau kidogo wako wapi. Balozi mmoja alivua miwani. Hata Bwana Msifuni alitikisika, na kwa dakika moja ungedhani atasema neno la binadamu. Lakini alikuwa na uzoefu.

"Hili," alisema, "ni swali zuri. Ila si la njiwa, ni la huzuni. Lipo Kundi la Huzuni la Taifa, lenye mapokezi yake na masomo yake, na mama anakaribishwa kuanza upya kule kama mgeni. Bwana Mbega, ondoa."

Sijaona aliweka kidole kwenye kitufe cha kuondoa. Aliufikiria upande ule wa kiota ulioachwa wazi. Aliwafikiria pia njiwa wake mwenyewe ndani ya tenga, pale sokoni, na yule mtu ambaye hakumuuliza kitu. Kidole kikahama. Akaandika haraka, bila salamu, bila cheo:

"Mama usimfanye kitu. Kaa naye. Dume alitakiwa anyimwe nafaka apewe maji ya uvuguvugu asuguliwe shingo. Nililijua hilo tangu ujumbe wako wa kwanza. Nimekuulia njiwa."

Maneno yalikaa kwenye kioo muda wa kuvuta pumzi. Umeme wa ukumbi ukakatwa na mtu fulani makini. Ulipowashwa, bendi ilikuwa ikipiga, kioo kilikuwa cheupe, na simu ya Sijaona ilikuwa ikitetemeka mfukoni: ua baada ya ua, kutoka Kundi la Njiwa, la Waridi, la Stempu, la Wapishi, hata la wapiga filimbi ambalo hakuwahi kujiunga nalo.

Nyumba ya serikali aliirudisha. Hakukamatwa, katika nchi ile hawakumkamata mtu, waliacha tu kumsikia. Kondakta wa basi la kusini alimtazama alipotaja kituo chake, akamgeukia abiria mwingine. Akashuka kwenye mji wa reli na kwenda kwa miguu, akitafuta nyumba yenye njiwa mmoja.

Bi Semeni alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, mwembamba kuliko sauti yake. Njiwa jike alikuwa juu ya rafu ya mbao karibu na dirisha, manyoya yamemsimama kama mwenye baridi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo mama. Mimi ni Sijaona."

"Marahaba." Alimtazama juu mpaka chini. "Nilidhani wewe ni mkubwa zaidi."

"Mama, nilikuandikia siku ile. Ulisoma?"

"Niliuliza, nikaizima simu, nikaenda kumtazama huyu. Nilipoiwasha kulikuwa na ua." Akaonesha kigoda cha pili. "Uliandika nini?"

Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno. Yote yalimtoka kichwani. Alisimama na kitambulisho chake cha zamani mkononi, kile walichosahau kumnyang'anya, akamwambia kama lilivyo: shingo, nafaka, maji, kidole. Akamwambia kwamba alijua tangu mwanzo.

Bi Semeni hakupiga kelele. Alikuwa akimsikiliza kama mtu anayesikia jina la kijiji alichokipita bila kujua.

"Maji ya uvuguvugu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Maji nilikuwa nayo."

Sijaona akakaa chini, si kwenye kigoda, bali kwenye udongo. Alilia kwa sauti, jambo lisilo na adabu. Bi Semeni alimwacha alie. Hakumwambia amesamehe wala hajasamehe, na Sijaona hakuthubutu kuuliza. Ilipofika saa ya chakula alimpa ugali na mchicha, na ilipofika jioni alimwonesha chumba cha nje.

Alibaki kule. Alitengeneza rafu, akateka maji, akakaa karibu na njiwa jike bila kumgusa, kama alivyokuwa amesema mwenyewe. Jike alikula kidogo, siku nyingine hakula. Ukumbini kwa Bwana Msifuni ilitangazwa kuwa malalamiko kwenye makundi yamekwisha kabisa, na ni kweli, maana hakukuwa na aliyeandika. Kabla ya mvua kuanza, asubuhi moja, walimkuta jike amelala kwenye upande wa kiota ambao siku zote aliuacha wazi.

Sijaona alichimba. Bi Semeni alimlaza mwenyewe, akamfunika, akakaa akiushika mpini wa jembe.

"Mama," alisema Sijaona, "nikutafutie jozi nyingine? Wachanga. Wapo wanaouzwa."

"Wakiumwa nitamuuliza nani?"

"Utaniuliza mimi."

Lakini kabla ya kulisema hilo alikuwa amegeuka kuutazama ukuta wa Mzee Pazi, akaona kama kuna mtu, na alipolisema alilisema kwa sauti ya chini sana. Bi Semeni alimwona alivyotazama. Akalikung'uta lile jembe udongo, akaliegemeza mlangoni, akaingia ndani.